Mwana wa Kamachumu Katika Mlango wa Mtakatifu Petro

Kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma lina milango mitano upande wa mbele, na yote mitano ni ya shaba nyeusi. Mahujaji wengi hupita pale kwa haraka, kwa kuwa kila mmoja ana hamu ya kuingia ndani aione altare na kaburi la Mtume. Walakini mtu akisimama kidogo barazani na kuitazama milango ile, ataona kwamba ni mafundisho ya dini yaliyoandikwa kwa sanamu. Miwili kati yake yatuhusu sisi Waafrika kwa namna ya pekee. Na katika mmoja wa hiyo miwili yumo mtu aliyezaliwa Kamachumu, katika nchi hii ya migomba na mibuni iliyo magharibi ya ziwa Viktoria. Leo twataka kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu huyo, Mwadhama Laurean Kardinali Rugambwa. Vijana wengi walijua jina lake kwa sababu limeandikwa juu ya shule na hospitali, lakini hawajui lilipataje kufika hata kwenye mlango wa Mtakatifu Petro.

Tuanze na mlango wa kale, ule wa katikati. Uliagizwa na Papa Eujenio IV, ukafanywa na fundi wa Firenze aitwaye Antonio Averlino, ajulikanaye zaidi kwa jina la Filarete. Aliumaliza mwaka 1445. Zama zile Waitalia walikuwa wameamsha upya sanaa za kale za Kiroma, na kazi ya kufua na kumimina shaba ilikuwa imepata mafundi hodari sana. Desturi ya mafundi hao ilikuwa kufinyanga kwanza sura kwa nta, kisha kuifunika nta kwa udongo na kuutia moto. Nta huyeyuka na kutoweka, na mahali ilipokuwa humiminwa shaba nyekundu iliyoyeyushwa pamoja na bati. Udongo ukivunjwa, sura yabaki imetokeza juu ya bamba, nayo yaweza kudumu mamia ya miaka. Kazi ya namna hii isiwe ngeni kwa watu wa Buhaya. Wazee wetu waliyeyusha chuma katika tanuri za udongo tangu zaidi ya miaka 2000 iliyopita, na mabaki ya kazi yao yamefukuliwa huko Katuruka, karibu na Maruku.

Juu ya mlango wa Filarete wameketi Bwana wetu Yesu Kristo na Bikira Maria. Chini yao wamesimama mitume Petro na Paulo. Petro ampa funguo Papa Eujenio aliyepiga magoti. Chini kabisa kuna mauaji ya mitume hao wawili. Lakini kati ya picha hizo kubwa zimepita kanda nyembamba zenye sanamu ndogo ndogo, na hizo zaeleza habari za Mtaguso wa Firenze, ambao Papa Eujenio aliuitisha ili kuwaunganisha Wakristo wa Mashariki na Kanisa la Roma. Humo waonekana pia Wakristo wa Afrika. Mwaka 1441 walifika Firenze wamonaki wa Misri wakiongozwa na Abati Andrea, na Wahabeshi kutoka monasteri yao ya Yerusalemu, kisha wakaenda Roma. Fundi aliwatia katika mlango wake, wakipewa hati ya umoja na kuingia katika mji wa Mtakatifu Petro.

Hivyo Waafrika wamo katika mlango ule tangu karne ya kumi na tano. Lakini wamo kama wageni. Walikuja kutoka mbali, wakapokelewa kwa heshima, wakatazamwa na watu kwa mshangao, kisha wakarudi kwao. Umoja ulioandikwa Firenze haukudumu. Zikapita karne nyingi, na kwa watu wengi wa Ulaya Mkristo Mwafrika akabaki kuwa mtu wa kupokea tu: wa kuhubiriwa, wa kuongozwa, wa kusimama karibu na mlango.

Sasa tutazame mlango wa pili, ule wa mwisho upande wa kushoto wa mtu anayeingia. Huitwa Mlango wa Mauti, kwa sababu kwa desturi maziko yalitoka kwa kupitia hapo. Uliofanya kazi hiyo ni mkono wa Giacomo Manzù, mzaliwa wa Bergamo, mji wa jimbo lile lile alikotoka Papa Yohane XXIII. Papa Paulo VI aliuzindua mwezi Juni 1964, mwaka mmoja baada ya kifo cha Papa Yohane. Upande wake wa nje waonyesha kifo cha Bwana wetu na cha Mama Maria, na vifo vya watu wengine: Abeli, Mtakatifu Yosefu, Mtakatifu Stefano, Papa Yohane mwenyewe akiwa katika sala, hata mama wa kawaida afaye mbele ya mtoto wake. Upande wa ndani fundi ameweka ukanda wa sanamu za maaskofu wa Mtaguso Mkuu wa pili wa Vatikano. Na humo amemweka Papa Yohane XXIII akiwa pamoja na Kardinali Rugambwa.

Msomaji ayaangalie mambo mawili. Kwanza, Mwafrika huyu hakuwekwa katika safu ya wageni. Yu miongoni mwa maaskofu wenzake, na Papa azungumza naye. Pili, yu upande wa ndani. Mtu aliye nje hawezi kumwona. Sharti aingie kanisani. Sisi twaona kwamba mahali hapo palimfaa, maana sehemu kubwa ya maisha yake ilipita pasipo kuonekana na ulimwengu.

Alizaliwa tarehe 12 Julai 1912, kijijini Bukongo, Kamachumu, katika wilaya ambayo sasa ni Muleba. Nchi ilikuwa chini ya Wadachi. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walikuwa wamefungua misioni yao ya kwanza ya Buhaya huko Kashozi mwaka 1892, yaani miaka ishirini tu kabla ya kuzaliwa kwake. Baba yake, Domitian Rushubirwa, na mama yake, Asteria Mukaboshezi, walikuwa watu wa ukoo wenye heshima. Hawakuwa Wakristo alipozaliwa. Walijifunza dini, na tarehe 19 Machi 1921, siku ya Mtakatifu Yosefu, walibatizwa, wao pamoja na kijana wao aliyekuwa na umri wa miaka minane. Wazazi wanaosoma habari hii wasilipite jambo hilo upesi. Mtoto yule hakupelekwa kanisani na watu waliobaki nyumbani. Alimwona baba yake akiinamisha kichwa apokee maji yale yale aliyoyapokea yeye.

Kisha akaingia seminari ndogo ya Rubya, ambayo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1904, na baadaye seminari kuu ya Katigondo huko Uganda. Masomo ya upadre siku zile yalikuwa marefu mno. Kijana alijifunza Kilatini, falsafa na teolojia. Alilima, alijenga, alikaa mbali na nyumbani. Na wenzake wengi aliowakuta darasani hawakufika mwisho. Si ajabu jamaa walinung'unika. Katika desturi zetu kijana mwanamume aliye mzima wa afya hutazamiwa kuoa, kuzaa na kulishika shamba la baba yake, na kumtoa kwa Kanisa kulikuwa ni kutoa kitu ambacho ukoo ulikuwa ukikihesabu kuwa mali yake. Laurean Rugambwa alipadrishwa tarehe 12 Desemba 1943 kwa mikono ya Askofu Burkhard Huwiler. Alikuwa na umri wa miaka 31.

Baada ya kufanya kazi ya upadre nyumbani kwa miaka kadhaa, alitumwa Roma kusoma katika Chuo Kikuu cha Kipapa cha Urbaniana, akapata udaktari wa sheria za Kanisa. Akiwa mwanafunzi alipita mara nyingi penye milango ya Mtakatifu Petro kama apitavyo padre yeyote. Hakuna aliyejua kwamba mmoja wa milango ile ungefanywa upya naye angekuwa ndani yake.

Tarehe 13 Desemba 1951 Papa Pio XII alimteua kuwa Vikari wa Kitume wa Kagera ya Chini. Hapa yatupasa kueleza maana ya uteuzi huo, maana watoto wa siku hizi wamezoea kuona maaskofu Waafrika na hawawezi kufahamu uzito wake. Tanganyika ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza. Katika ofisi karibu zote Mwafrika alikuwa karani au tarishi, na mkubwa alikuwa Mzungu. Uganda tayari ilikuwa na Askofu Joseph Kiwanuka, aliyewekwa wakfu mwaka 1939, lakini Tanganyika haikuwa imepata bado askofu mzalendo. Sehemu ya Vikariati ya Bukoba ilikatwa, ikakabidhiwa mapadre Waafrika waiongoze wenyewe, na makao yake yakawekwa Rutabo, mbali na mji. Walikuwako waliofurahi, na walikuwako waliotikisa kichwa, wakingoja waone kama mapadre hao wataweza kushika fedha, kusimamia shule na kukaa pamoja bila ugomvi. Padre Rugambwa, mwenye miaka 39, aliwekwa wakfu kuwa askofu tarehe 10 Februari 1952 na Askofu Mkuu David Mathew, mjumbe wa Papa. Endapo kazi ya Rutabo ingeharibika, neno la kuwakataa wengine lingekuwa tayari midomoni mwa watu.

Haikuharibika. Mwaka uliofuata, 1953, Vikariati ikafanywa Jimbo la Rutabo. Miaka ile haina habari kubwa za kusimulia, na hiyo ndiyo sifa yake. Askofu alizunguka katika parokia za mashambani, alitoa Kipaimara, alisuluhisha, alihesabu fedha kidogo zilizopatikana, alitafuta walimu. Wakristo walizoea kumwona mwana wao akiketi katika kiti cha kiaskofu, na mazoea hayo yalikuwa ushindi mkubwa kuliko sherehe yoyote.

Ndipo mwaka 1960, tarehe 28 Machi, Papa Yohane XXIII alipomfanya Kardinali. Alikuwa na umri wa miaka 47, naye ndiye Kardinali wa kwanza Mwafrika mweusi katika historia ya Kanisa. Siku hiyo hiyo walifanywa Makardinali pia Peter Doi wa Tokyo, wa kwanza kutoka Japani, na Rufino Santos wa Manila, wa kwanza kutoka Ufilipino. Papa alionyesha wazi kwamba baraza lake si la Waulaya peke yao. Kanisa alilopewa huko Roma kwa jina lake lilikuwa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi huko Ripa Grande, mahali ambapo yule maskini wa Asizi alipata kukaa. Angalieni miaka pia: Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Kwa hiyo mtu wa Tanganyika aliketi kati ya washauri wa Papa zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla ya nchi yake kupandisha bendera yake. Mwaka huo huo wa 1960 jimbo lake liliongezewa eneo, likaitwa Jimbo la Bukoba, naye Askofu Alfred Lanctôt aliyekuwa Bukoba akahamia Rulenge.

Mtaguso Mkuu ulifunguliwa tarehe 11 Oktoba 1962. Maaskofu wa Afrika walikuwa wametoka katika nchi nyingi, wengine wao bado Wazungu wamisionari, wengine wazalendo. Wengine walisema Kifaransa, wengine Kiingereza. Kama kila mmoja angesema peke yake, sauti yao isingesikika kati ya maaskofu zaidi ya elfu mbili. Waliunda sekretarieti yao ya pamoja, na Kardinali Rugambwa ndiye aliyekuwa mkuu wake. Kwa njia hiyo maaskofu wa Afrika waliweza kusema neno moja juu ya mambo yaliyowahusu: lugha za watu katika ibada, desturi njema za mataifa, kazi ya misioni. Mkristo anayeimba Misa kwa Kiswahili au kwa Kihaya pasipo kustaajabu amepata tunda la kazi iliyofanyika humo. Papa Yohane alifariki tarehe 3 Juni 1963, na mwezi ule ule Kardinali Rugambwa aliingia katika mkutano wa siri wa kumchagua Papa Paulo VI, akapiga kura. Mwaka 1978 alipiga kura tena mara mbili.

Tukilinganisha sasa milango miwili, twaona tofauti. Wamonaki wa 1441 walipewa hati iliyokwisha kuandikwa. Mwana wa Kamachumu alikuwamo chumbani hati zilipokuwa zikiandikwa. Hilo ndilo jambo ambalo Manzù, kwa ufundi wake, aliliweka katika shaba. Naye aliliona mapema, kwa maana Mtaguso ulikuwa haujamalizika alipoukamilisha mlango wake.

Mtu aliyekwisha kuwekwa katika shaba angeweza kustarehe. Lakini tarehe 19 Desemba 1968 Papa Paulo VI alimhamishia Dar es Salaam, kushika mahali pa Askofu Mkuu Edgar Maranta. Kazi ya pwani haikuwa sawa na ya Bukoba. Huku Bukoba Wakristo walikuwa wengi na parokia zilikaribiana. Kule Wakatoliki waliishi kati ya ndugu zao Waislamu, na mji ulikuwa ukipanuka kila mwaka kwa watu waliotoka katika makabila yote. Muda si mrefu shule nyingi zilizojengwa na Kanisa zilitwaliwa na serikali. Kardinali aliendelea na kazi. Mwezi Septemba 1990 alimpokea Papa Yohane Paulo II alipoizuru Tanzania. Aliacha madaraka tarehe 22 Julai 1992, baada ya zaidi ya miaka 40 ya uaskofu, akafariki tarehe 8 Desemba 1997, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa wa Dhambi ya Asili.

Maziko yake nayo yana fundisho. Kanisa kuu la Bukoba lilikuwa katika matengenezo, kwa hiyo alizikwa kwanza Kashozi, mahali Injili ilipoanzia katika Buhaya. Akalala huko hata mwaka 2012, ndipo mabaki yake yalipohamishiwa katika kanisa kuu la Bukoba. Mtu ambaye sura yake imo Roma, katika mlango wa Kanisa la Mtakatifu Petro, alingoja karibu miaka kumi na mitano apate kuingia katika kanisa kuu la nyumbani kwake.

Je, kazi ile ilikwisha naye? Miezi miwili tu baada ya kifo chake, Februari 1998, Polycarp Pengo aliyemrithi Dar es Salaam alifanywa Kardinali. Na tarehe 30 Septemba 2023 alifanywa Kardinali Protase Rugambwa, mzaliwa wa Bunena, Bukoba, aliyezaliwa tarehe 31 Mei 1960, miezi miwili baada ya siku ile ya Papa Yohane. Mlango uliofunguliwa haukufungwa.

Lakini tusijidanganye kwa hesabu ya Makardinali. Shaba haiwi sanamu pasipo nta kuyeyuka kwanza, na nta hiyo haionekani tena kazi ikiisha. Katika maisha ya Kardinali Rugambwa nta hiyo ni wazazi wawili wa Bukongo waliokubali kubatizwa pamoja na mtoto wao, kisha wakakubali asirudi kulishika shamba. Ni walimu wa Rubya ambao majina yao hayamo katika mlango wowote. Ni mapadre wa Rutabo walioshika kazi yao kwa uaminifu katika miaka ambayo kosa lao moja lingetajwa kwa miaka mingi.

Siku hizi twasikia katika nyumba za Wakristo, huko mashambani na hapa mjini Bilele pia, maneno ya wazazi wanaomzuia kijana asiende seminari, au binti asiende utawani, kwa kuwa ni mtoto wa pekee, au ni mwenye akili nyingi, au shamba halina mrithi. Sababu hizo si za kudharauliwa; ni nzito, na mzazi azisemaye hapaswi kuaibishwa. Twamwomba tu akumbuke kwamba Domitian na Asteria walikuwa nazo pia, na wao walikuwa Wakristo wapya wa juzi tu. Sisi tuliozaliwa katika Ukristo, ambao babu zetu walikwisha kuvuka kizingiti, tumekwisha kuwa watu wa nyumbani katika Kanisa. Na watu wa nyumbani hawangoji wageni waje kuwapikia. Huinuka wenyewe, wakaleta kuni na maji. Hiyo ndiyo heshima ya kweli tuwezayo kumpa yule aliyetutangulia upande wa ndani wa mlango.